Mteja haji peke yake

Saa tatu asubuhi, kwenye benchi nje ya chumba cha unasihi, yaani ushauri nasaha, Moshi mjini: binti wa miaka 19, mama yake mdogo, kaka yake aliyelipa nauli kutoka Rombo, na mama mmoja wa jumuiya aliyekuja "kuwasindikiza tu". Kadi ya kliniki ina jina moja. Wenye maelezo ni watatu, na mwenye kadi bado hajafungua mdomo.

Vitabu tulivyosomea sisi wanasihi vinamchora mteja anayeingia mwenyewe, anakaa, anaanza na "mimi". Mwaka 1992 wataalamu Sue, Arredondo na McDavis walipochapisha umahiri wa kitamaduni wanaoutaka kwa wanasihi wa Marekani, walianza na mnasihi kujijua yeye na mazoea yake, wakaja kwenye kuelewa mteja anavyouona ulimwengu, wakamalizia na mbinu zinazomfaa mteja huyo. Mwaka 1998 madaktari wawili wa huko huko, Melanie Tervalon na Jann Murray-García, wakaleta neno ninalolipenda zaidi: unyenyekevu. Usijihesabu umehitimu utamaduni wa mtu. Kila anayeingia, uliza upya. Sina ugomvi nao. Ila huku kwetu kuna jambo linalotangulia yote hayo, nalo ni kuamua nani abaki chumbani.

Kosa la kwanza ni kuwatoa ndugu mlangoni. Umefuata kitabu, lakini kaka mwenye nauli amejisikia kudharauliwa na wiki ijayo hamleti. Kosa la pili ni kuwaacha wakae mpaka mwisho. Utaondoka na hadithi ya ukoo iliyonyooka vizuri, na ya binti hujaisikia. Kinachofanya kazi ni kugawa muda. Dakika 10 za mwanzo wote ndani. Mkubwa wao aamkiwe kwanza, shikamoo yake isiliwe hata kama una digrii mbili, kisha kila mmoja aulizwe swali moja tu: "Wewe umeona nini kimebadilika?" Usiulize tatizo ni nini, hilo litazaa hukumu. Baada ya hapo sema: "Utaratibu wetu hapa, kila anayekuja huongea na mimi peke yake kama dakika 30, halafu tunakutana tena wote." Neno utaratibu lina nguvu Tanzania kuliko neno haki. Mtu anayeweza kubishana nawe juu ya haki ya mgonjwa kuwa na siri atainuka mwenyewe akisikia ni utaratibu na ni wa wote.

Dakika 10 za mwisho ndugu wanarudi, na kabla hujafungua mlango muulize binti: wakiingia, niwaambie nini, na nini nisiguse? Akisema usiguse kitu chochote, basi utazungumza nao habari za usingizi, chakula na tarehe ya kurudi. Inatosha kabisa.

Mkiwa wawili, siri isemwe mapema, kwa maneno ya nyumbani. Haya yanaweza kukufaa: "Tutakayoongea hapa yanabaki hapa. Mama na kaka sitawaambia bila ruhusa yako. Nikiona maisha yako au ya mtu mwingine yako hatarini, au kuna mtoto anaumizwa, nitalazimika kumhusisha mtu mwingine, na wewe ndiye utakayeambiwa kwanza. Mahakama ikiagiza, siwezi kuikatalia." Kisha usiulize "umeelewa?" Mdogo akiulizwa hivyo na mkubwa hujibu ndiyo. Ile ndiyo ni heshima, si ridhaa. Mwambie akurudishie kwa maneno yake. Hapo ndipo utagundua kwamba "mtu mwingine" yeye amesikia "polisi".

Kwa walio chini ya miaka 18 mambo hubadilika, kwani Sheria ya Mtoto ya 2009 inatanguliza maslahi ya mtoto na pia inampa haki ya kutoa maoni yake. Mzazi anasaini, mtoto anasikilizwa. Na penye ukatili, Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, ofisa ustawi wa jamii na namba 116 ya huduma kwa watoto viwe vimeandikwa ukutani, visiwe kwenye kumbukumbu ya simu yako.

Sasa lugha. Ukikaa ukisubiri mteja aseme "nina huzuni", utasubiri mpaka kituo kifungwe. Atasema ana mawazo, kichwa kinachemka, moyo unaenda mbio, mwili umeishiwa nguvu. Wanaume watu wazima wana njia yao: presha, au vidonda vya tumbo ambavyo hospitali tatu zimepima zikavikosa. Usimwambie "hauna vidonda, una sonona", yaani ugonjwa wa huzuni nzito. Umemnyang'anya ugonjwa wenye heshima ukampa wenye aibu. Vipimo vya mwili vikamilishwe kwanza, maana wakati mwingine kweli ni tezi ya shingo au upungufu wa damu, kisha uliza mawazo yalianza lini na tumbo lilianza lini. Mara nyingi yeye mwenyewe ataziweka tarehe mbili pamoja. Neno sonona lije mwishoni, likiwa jina la vitu alivyokwisha kuvitaja. "Ugonjwa wa akili" ndilo la kuahirisha kuliko yote, kwa sababu picha inayokuja kichwani ni yule anayeokota makopo sokoni.

Dodoso la PHQ-9, la kupima sonona, lina mitego yake likisomwa kwa Kiswahili. Ni maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita, kila moja alama 0 hadi 3, jumla 27, na kuanzia 10 unatakiwa kumwangalia mtu kwa karibu zaidi. Swali la kwanza linagusa hamu. Sema "hamu" kwa mama wa miaka 50 naye atakwambia anakula vizuri, au atainamisha kichwa akidhani unaulizia mambo ya chumbani. Soma swali kama lilivyoandikwa, kisha litolee mfano wa maisha yake: kwaya, kikoba, ng'ombe, saluni. Ukishafafanua, andika pembeni kwamba umefafanua, ili anayekuja baada yako asidhani alama zimepatikana kwa kusoma tu.

Kubwa zaidi ni majibu. "Zaidi ya nusu ya siku" ikisomwa harakaharaka, mtu husikia kuanzia asubuhi hadi mchana. Anakujibu ndiyo, mawazo humkamata asubuhi mpaka mchana, nawe unampa alama 2 kwa kitu kilichotokea mara moja. Dawa yake ni njiti 14 za kiberiti mezani. "Hizi ni siku za wiki mbili. Toa zile ambazo hukulala." Hakuna njiti, alama 0; njiti chini ya 7, alama 1; njiti 7 hadi 11, alama 2; njiti 12 na kuendelea, alama 3. Kazi ya dakika tano inakwenda dakika 15, lakini unapata namba inayomaanisha kitu, na mtu asiyejua kusoma hajisikii anafanyishwa mtihani.

Swali la tisa ni la kifo na kujidhuru. Jibu lolote juu ya 0, weka karatasi pembeni uongee. Kuuliza waziwazi hakumpandikizii mtu wazo hilo. Kinachompoteza ni kuona mnasihi ameruka swali. Anzia mbali kidogo: "Wengine wakibeba mzigo kama huu hutamani kulala wasiamke. Wewe je?" Kisha uliza kwa neno lenyewe, kujiua, bila kulizungushia maua. Akikiri, asirudi nyumbani peke yake, achague yeye ndugu wa kuambiwa, na dawa za shamba na vidonge vikae kwa jirani au kwenye kufuli. Familia zina sababu ya kuficha jambo hili: kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa. Ndiyo maana utasikia "alipata ajali". Usimbishie mama mbele ya watu. Tibu kwanza, andika kwenye faili maneno ya mteja kama alivyoyasema, na faili hilo usimkabidhi mtu mkononi kwa sababu amevaa sare. Taarifa za afya ni taarifa nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Aombe kwa maandishi, kupitia uongozi wa kituo.

Naomba niseme kitu kuhusu zile semina za "utamaduni wa kabila fulani". Zinaanza na Wachaga wanapenda hela na kuishia na Wamasai hawalii. Ukitoka pale umejaa dharau yenye cheti. Hata Kichaga chenyewe si kimoja. Mtu wa Machame na mtu wa Rombo wakiongea kila mmoja cha kwao, hawaelewani vizuri. Na binti aliyezaliwa Sakina, Arusha, mama Mmeru, baba Mwiraqw, shule ya bweni Moshi, utamweka kwenye slaidi ipi? Muulize yeye: nyumbani kwenu, mtu akiwa na hali kama hii, wanasemaje? Wewe unakubaliana nao?

Mahali ambapo kujua desturi kunahitajika kikweli ni kwenye ukalimani. Mama ametoka Longido au Monduli, anaongea Kimaasai tu, na aliyemleta ni mtoto wa darasa la sita anayejua Kiswahili. Usimtumie mtoto. Hawezi kuyabeba yale, na mama hatamwambia habari za ndoa yake. Mlinzi wa getini naye si mkalimani, hata kama ni mtu wa kwao. Pengine ndiyo sababu kubwa zaidi ya kumwacha getini, kwa maana jioni atapiga simu bomani. Tafuta mwanamke mzima wa boma jingine. Kijana wa rika dogo huona haya kumuuliza mkubwa jambo la aibu. Kwa sababu ya heshima, enkanyit, atalilainisha swali mpaka lipotee njiani, na jibu litarudi "anasema yuko sawa".

Kabla ya kikao kaa na mkalimani dakika 10. Mweleze kwamba atasema "mimi" pale mteja anaposema mimi, asiongeze ushauri, asifupishe, na likimshinda neno alitaje hilo neno kwa Kimaasai, msaidiane. Kaeni pembetatu, lakini macho yako yawe kwa mteja. Sentensi moja, simama. Kikao cha dakika 50 kitachukua 90, kwa hiyo usimpange mtu mwingine nyuma yake. Swali la kujiua lijaribiwe mapema: mkalimani aliseme kwa Kimaasai, mtu mwingine akurudishie kwa Kiswahili, uone kama bado ni lilelile. Mwishoni mpe mkalimani dakika 5 za kupumua, maana na yeye ameyasikia. Hili husahaulika karibu kila mahali.

Watatu wasiokuwepo chumbani ni mchungaji, sheikh na mganga. Mteja akisema ana jini, au amerogwa na shemeji, kubishana ni kupoteza saa. Kukubali nako ni hatari, hasa akitajwa mtu kwa jina. Kaa kwenye maswali: walikuambia nini, walitaka ufanye nini, na ulipofanya ulijisikiaje? Lile la katikati ndilo lenye taarifa za kitabibu. Kufunga siku tatu kavu? Kunywa dawa ya mizizi, kiasi gani, mara ngapi? Kuacha vidonge? Mwaka 2011, Samunge, Loliondo, watu walipanga foleni ya magari kwa siku nyingi kwa ajili ya kikombe cha dawa cha shilingi 500 cha Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila, na wapo walioacha dawa za kila siku wakiamini kazi imekwisha. Aliyewacheka hakupata nafasi ya kuwashauri waendelee na vidonge.

Kwa hiyo mapatano ni haya: maombi yaendelee, dawa ziendelee. Kwa Mwislamu mwenye vidonge vya mara mbili kwa siku, muulizeni daktari kabla Ramadhani haijaanza kama dozi zinaweza kusogezwa futari na daku. Anayetumia lithiamu, dawa ya kutuliza hisia zinazopanda na kushuka mno, asifunge kimyakimya, kwa kuwa maji yakipungua mwilini dawa hiyo hupanda hadi kuwa sumu. Kuna mpaka mmoja tu usiojadiliwa. Mtu akifungwa mnyororo, akichapwa, akinyimwa chakula, hapo si imani tena, na hausubiri kikao kijacho.

Huo ndio mlango wa utetezi, yaani kumsemea mteja nje ya chumba, ambao wengi huuingia kwa kichwa. Mnasihi ana moyo mzuri, anamhurumia mteja, anampigia mwenyekiti wa mtaa. Kesho yake mtaa mzima unajua. Kabla ya kunyanyua simu, kuna ngazi. Kwanza mteja aseme mwenyewe, na wewe umfanyishe mazoezi, dakika 10, wewe ukiigiza yule anayekwenda kumkabili, mathalani bosi wake, na uwe bosi mkali. Ikishindikana mwende wote, yeye aongee, wewe ukae pembeni. Ikishindikana tena umsemee, kwa ridhaa ya saini au dole gumba inayotaja unaenda kwa nani na kusema nini. "Naruhusu nisaidiwe" si ridhaa, ni hundi isiyoandikwa kiasi. Na kama wateja wanane tofauti wamekwama pale pale, mathalani zahanati inaishiwa haloperidoli, dawa ya magonjwa ya akili, kila mwisho wa mwezi, hilo si la mteja tena. Hesabu miezi mitatu, bila majina, tarehe na dawa tu, peleka kwa mganga mkuu wa wilaya.

Utetezi mwingi ni barua. Shuleni watu wameshasoma barua zinazosema mwanafunzi "ana matatizo ya akili na anahitaji uangalizi". Mwandishi alitaka huruma. Mtoto akapewa jina la utani mpaka kidato cha nne. Barua ya shule haihitaji ugonjwa. Inahitaji hivi: "Mwanafunzi huyu anahudhuria huduma kituoni kwetu kila Jumatano saa 8 mchana hadi tarehe 30 Septemba. Tunaomba aruhusiwe kutoka saa 7, na apewe nafasi ya kufanya majaribio atakayoyakosa." Basi. Mteja aisome kabla haijatoka, nakala ibaki kwenye faili. Muhuri lazima, bila muhuri barua hapa ni karatasi ya kufungia vitumbua, lakini angalia muhuri wenyewe: ukiandika "Kitengo cha Afya ya Akili" umeshasema kila ulichokificha kwenye maneno. Tumia muhuri na karatasi za hospitali kwa ujumla.

Msamaha wa gharama una mtego wa aina hiyo hiyo. Ofisa ustawi wa jamii wa hospitali, iwe Mawenzi au Mount Meru, anaweza kumtaka mteja alete barua ya serikali ya mtaa au kijiji. Mteja akienda bila maelekezo ataulizwa anaumwa nini, mbele ya watu sita. Mwandikie ombi linalosema anahitaji uthibitisho wa hali ya kipato kwa ajili ya matibabu. Mwenyekiti anathibitisha kipato; ugonjwa haumhusu.

Halafu kuna kesi ambazo sonona ina mipaka na migomba. Mjane wa Kibosho au Marangu, shemeji wanataka kihamba, lile shamba la migomba la ukoo, naye halali, anakonda. Unaweza kumfundisha kupumua kwa tumbo mwaka mzima. Kinachohitajika ni msaidizi wa kisheria, ambaye Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inamtambua, na mjane ajue kwamba Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, kifungu cha 20, inaibatilisha mila inayomnyima mwanamke ardhi kihalali. Baraza la Ardhi la Kijiji ni watu 7, na 3 kati yao wanawake. Wewe huendi kujadili mipaka. Kazi yako ni kumwandaa: ataanza na sentensi gani, akianza kulia afanye nini, nani akae upande wake.

Na mara nyingi, kabla ya baraza, wazee wa ukoo watakuja jioni na jani la isale. Kwa Mchaga isale ni kuomba radhi, na kulikataa ni jambo zito. Mnasihi asiyejua atasema "pokea tu yaishe", au "usipokee, wanakudanganya", na yote mawili ni kuamua badala yake. Kaeni siku chache kabla, umuulize: wakija nalo, ukilipokea utakuwa umesamehe maneno yao, au umeacha shamba? Nani wa upande wako aliye mkubwa wa kutosha kuwauliza hivyo mbele yao? Pengine ni mjomba. Pengine ni shangazi wa marehemu mwenyewe. Akishampata huyo, nusu ya usingizi hurudi.

La mwisho ni simu, kitu kidogo chenye madhara makubwa. Namba aliyokuandikia inaweza kuwa ya mume, au ya nyumba nzima. Siku ya kwanza uliza: simu hii anashika nani mwingine, nikipiga nijitambulishe kama nani, akipokea mwingine nisemeje? Mkubaliane neno, mathalani "mama wa kikoba". Ujumbe wa kumkumbusha uwe "Habari, kesho saa nne kama tulivyopanga", bila jina la kliniki. Asipotokea, piga mara moja siku hiyo na mara moja baada ya wiki, saa alizozichagua yeye. Akipokea mwanaume ambaye hukuambiwa habari zake, wewe ni wa kikoba, unaulizia michango.